Amana ya Kwanza ya Mzee Makame

Anayetaka jini la kuunguruma na kutoa moto puani akaliombe kwa mwingine. La kwetu huku nyanda za juu lilianza na harufu ya maziwa. Tena maziwa ya mama, yale yanayobaki kwenye kanga ya mzazi hata ukiifua mara tatu.

Rukia binti Othmani aliisikia asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka hamsini na saba, alipofungua mlango wa stoo nyumbani kwao Majengo, Mbeya. Baridi ya mwezi wa sita Mbeya kama unaijua sina haja ya kukueleza, na kama huijui mshukuru Mungu. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlima wa Loleza ukajilaza barabarani, mtu wa ng'ambo unamsikia akikohoa lakini humwoni. Rukia akasimama mlangoni na funguo mkononi, akanusa. Mle ndani hamkuwa na ng'ombe wala mtoto mchanga. Mlikuwa na masanduku, magunia, cherehani mbili, milango ya mninga ya mtu aliyekwenda Johanesbagi, na vifurushi vya watu.

"Baba," akaita. "Nani kaingia stoo na mtoto?"

Mzee Othmani alikuwa barazani, amejikunyata ndani ya koti la jeshi, anaota jua ambalo halijatoka. "Hakuna aliyeingia," akasema bila kugeuka. "Funga huo mlango, baridi inaingia."

Baridi ilikuwa nje na si ndani, lakini Rukia hakuwa na nguvu za kubishana. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita na miguu imemvimba. Na zaidi ya hapo alikuwa na uchovu mwingine, wa siku nyingi, ule wa kuamka asubuhi ukatamani usiku urudi. Akafunga mlango.

Niwaambie hiyo nyumba ilikuwa ya kazi gani, maana siku hizi watu wa namna ile hawapo tena. Babu yake Rukia, Makame, mtu wa Kilwa, alipanda Iringa enzi za Wajerumani na punda wawili na mzigo wa shanga. Shanga zikamdodea. Lakini watu waliona jambo moja kwake: kitu ukikiacha kwa Makame, unakikuta. Mtu anasafiri, anamwachia ng'ombe. Mjane anaogopa mashemeji, anamwachia shamba. Naye Makame hakuvifungia. Ng'ombe aliwapeleka kwa wachungaji wa Usangu wakazaa, shamba akalikodisha, na miaka ya dhahabu ilipofika, vumbi la dhahabu la watu wa Makongolosi akaligeuza nyumba za bati. Mwanawe Othmani akafungua tawi Mbeya. Kibao kikaandikwa MAKAME NA WANAWE, WATUNZA MALI, IRINGA NA MBEYA. Hao wana wenyewe alikuwa Othmani peke yake, na mjukuu ni Rukia peke yake, ila kibao kilichongwa kwa matumaini.

Mambo mawili walikuwa hawayavunji. La kwanza, nyumba ile haikatai amana ya mtu. La pili, amana hairudi peke yake. Wiki ileile ya harufu ya maziwa alikuja Yohane, Mbena mmoja aliyekaa migodini kusini miaka kumi na mbili, nguo zimemchakaa, kifua kinampiga. Aliacha ng'ombe wawili, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba wameshakufa. Rukia akamkabidhi wanne.

"Uliowaacha ni hawa," akamwambia, kwa maneno yaleyale aliyoyasema babu yake. "Na hawa ndio waliotangulia kuzaliwa. Waliofuata ni jasho la mtunzaji. Umeridhika?"

Yohane alilia kama mtoto. "Nimeridhika, mama. Lo! Nimeridhika." Akaenda zake akiwaswaga ng'ombe wake kwenye ukungu, na njia nzima ya Mwanjelwa akawa anamsimulia kila aliyekutana naye.

Sasa turudi kwenye stoo. Mwezi wa kumi na mbili uliopita nyumba ya Iringa ilivunjwa kupisha barabara, ikabidi kila kitu kihamie Mbeya. Matano, mume wa Rukia, alikuwa dereva wa lori, akaibeba mizigo kwa safari tano. Safari ya mwisho Rukia alipanda mbele, kwa sababu desturi yao ilitaka amana ya kwanza kabisa ya nyumba isipakiwe nyuma na magunia. Lazima ipakatwe na mtu wa ukoo.

Amana yenyewe ilikuwa furushi la kaniki, refu kama mkono wa mtu mzima, limefungwa kwa ukili. Lilikuwa chumba cha nyuma cha Iringa tangu kabla baba yake hajazaliwa, juu ya rafu ya peke yake. Mwenyewe hajulikani. Rukia alikua akiambiwa usiliguse, na hakuwahi kutamani kuligusa. Siku ile alilipakata kutoka Iringa mpaka Mbeya, kutwa nzima. Lori likaruka mashimo ya Makambako, likakwama tope la Igawa, naye amelikumbatia lisianguke. Walipofika Chimala jua lilikuwa kali, furushi limepata joto la mwili wake, na lori likaingia shimo moja kubwa, Rukia akalipigapiga kwa kiganja bila kufikiri, akasema, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza, tunafika."

Matano alicheka mpaka akakaribia kuingia mtaroni. "Mke wangu unabembeleza kaniki!"

Rukia naye alicheka. Lakini baadaye aligeukia dirishani mpaka Mbeya. Miaka tisa kabla ya hapo alizaa mtoto, Shabani, akafa siku ya arobaini kwa homa. Baada yake mimba mbili ziliharibika. Matiti yake yaliposhika maziwa pale kwenye lori, ghafla, mpaka yakalowanisha blauzi, aliona haya kumwambia mumewe.

Mwezi wa pili hedhi haikuja. Wa tatu haikuja. Mkunga wa hospitali, Andendekisye, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, alimshika tumbo akasema, "Hii imeshika, mama. Hii haitoki." Rukia alitembea kutoka hospitali mpaka nyumbani bila kuhisi ardhi. Alifurahi, jamani. Alifurahi mpaka akaogopa furaha yake mwenyewe.

Harufu ya maziwa ikakaa siku saba. Siku ya nane, saa sita mchana, mji umetulia na watu wanakula, Rukia akasikia mtoto analia stooni.

Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa kile cha mtoto aliyeamka akakuta hamna mtu, kinachoanza kwa kunung'unika, kikasita kusikiliza kama kuna anayekuja, kikaanza tena. Akataka kukimbia, ila maziwa yakamjaa yakaanza kutiririka, na miguu ikampeleka mlangoni yenyewe. Akafungua. Kilio kikakatika. Furushi lilikuwa pale juu ya rafu mpya, na ukili wake, uliofungwa na Makame mwenyewe kwa mafundo matatu, ulikuwa umebaki na fundo moja.

Tangu siku ile hakupumzika. Likilia anakwenda, akikaa karibu linanyamaza, akiondoka linaanza upya. Lililia adhuhuri, likalia alasiri, likalia Matano akiwa safarini na akiwa nyumbani, lakini Matano hakusikia kitu, alimwona tu mkewe akiamka, akiburuza miguu kwenda stoo, akirudi mashavu yamebonyea, na alipomuuliza alijibiwa kwamba ni panya, mume wangu, kuna panya. Rukia akajifunza kusinzia ameegemea gunia la mtu, mkono mmoja juu ya tumbo lake na mwingine juu ya kaniki, na siku moja akiwa hivyohivyo, katikati ya usingizi na macho, akahisi chini ya kiganja cha kushoto mtoto wake anapiga teke tumboni, na chini ya kiganja cha kulia, kwa mapigo yaleyale, kitu kinamjibu.

Alipiga ukelele. Baba yake akaja, fimbo mkononi, akasimama mlangoni asiingie.

"Baba, na wewe unasikia," Rukia akasema. Hakuuliza. Aliona tu uso wake.

Mzee Othmani akakaa juu ya sanduku. Alikuwa na miaka hamsini na saba, ukimtazama ungempa themanini. "Nasikia," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu Iringa nalisikia likipumua. Kulia sijawahi kulisikia mpaka ulipolipakata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu?"

"Hiki ni nini?"

Akamsimulia kama alivyosimuliwa na Makame. Makame alikuwa hana mteja hata mmoja, shanga zimedoda, ana siku mbili hajala. Asubuhi ya ukungu, pale Iringa, mwanamke akabisha hodi na furushi. Akasema, nitunzie, nina safari. Makame kwa njaa yake hakumuuliza jina, hakuuliza atarudi lini, hakuuliza ndani mna nini. Alisema tu, nimepokea. Yule mama akaacha kipande cha fedha cha Kijerumani, akatoka. Makame akamfuata nje kumshukuru, akakuta kiwanja cheupe, umande haujakanyagwa.

"Mtu wa kazi yetu apokee mali bila kumuuliza mwenyewe jina!" Rukia akasema, na hata katika hofu ile alimkasirikia babu yake.

"Njaa," Othmani akajibu.

Wakamwita Mzee Kalinga kutoka Iringa. Alikuwa Mhehe, mganga wa kutegemewa, mfupi, amevaa kaptula na koti la suti, ameshatoa majini katika nyumba za wakubwa na wadogo. Alifika na lori la Matano, akasalimia "Kamwene" mpaka jikoni, akaomba ugali kwanza.

Alipomaliza kula akaingia stoo na chetezo. Akafukiza. Akasema na kitu kile kwa Kihehe, baadaye kwa Kiswahili, akainama akategea sikio. Rukia na baba yake walikuwa nje, wameshikana mikono kama watoto. Moshi ukatoka chini ya mlango, mzito, unanuka ubani, na katikati ya ubani ile harufu ya maziwa ikawa inazidi badala ya kupungua. Mara wakasikia kicheko. Kicheko kidogo cha mtoto anayetekenywa na moshi.

Kalinga akatoka kwa haraka, jasho linamchuruzika kwenye baridi ile.

"Mimi hii kazi siwezi," akasema. "Hela yenu hii hapa, chukueni."

"Huwezi vipi, mzee wangu?" Rukia akamshika koti. "Mtoe! Wewe si mtoaji?"

"Mama, sikiliza. Mimi natoa yule ameingia. Jini ameingia kwa mtu bila ruhusa, namwambia, wewe, toka, hapa si kwako, anatoka. Huyu hajaingia. Huyu amepokewa. Nikimwambia toka ananiuliza, nitoke niende wapi, mimi nimewekwa hapa." Akajifuta uso. "Ni mtoto. Mama yake yuko. Mwiteni mwenye mali wenu aje achukue."

"Tutamwitaje? Jina hatulijui."

"Nyinyi watu wa kazi hii mnaniuliza mimi? Mkipata mali mwenyewe hamjui mnafanyaje?"

Walijua. Mali isiyo na mwenyewe ilitolewa barazani Ijumaa tatu mfululizo, saa ya mchana, ili mwenyewe akipita aitambue.

Kalinga akasita ngazini. Akalitazama tumbo la Rukia, akamtazama Othmani. "Na nyumba yenu," akasema taratibu, "watu wanasema hairudishi kitu bila ongezeko. Akija atadai. Mmemwandalia nini?"

Rukia aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake. Alipakata kile kitu kutwa nzima kwenye lori, na baada ya miaka tisa ya ukavu akashika mimba. Hata mtoto angeona hesabu hiyo inavyokwenda. Uliowaacha ni hawa, na hawa ndio waliotangulia kuzaliwa.

"Tusimwite," akasema walipobaki wawili. "Baba, nakuomba. Mimi nitalibembeleza mpaka nife. Nimeshazoea."

"Umejitazama kwenye kioo?" baba yake akamwuliza. "Wiki mbili tena, wewe na huyo wa tumboni mtakwisha. Linakunyonya, Rukia. Linakunyonya bila mdomo." Akamshika bega. "Huenda wa kwanza wameshachukuliwa. Kuna Shabani. Kuna zile mimba mbili. Tutamwambia umeshachukua."

Rukia alilia siku nzima kwa maneno yale, kwa uchungu, na kwa sababu yalimpa tumaini, akajichukia kwa kulitumaini kaburi la mwanawe.

Ijumaa ya kwanza furushi lilikaa barazani, watu wakapita, hakuja mtu. Ya pili ilinyesha mvua ya baridi. Ya tatu, mwezi wa saba, jua lilitoka vizuri asubuhi, na saa sita kasorobo ukungu ukashuka, mweupe kama unga, ukafuta Loleza, ukafuta msikiti, ukafuta duka la ng'ambo hapo mbele, mpaka ikabaki baraza peke yake na watu wake wawili, na sauti zote za mji zikafa, hata kuku, hata mhunzi wa jirani ambaye hanyamazi, na katika ukimya ule wakasikia mtu anakuja taratibu, anaburuza ndala, mtu mwenye safari ndefu mgongoni.

"Hodi wenye nyumba."

"Karibu," Othmani akasema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amejitanda kaniki. Hakuwa na kwato, hakuwa na macho ya moto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu, kama Rukia alivyokuwa akijiona kwenye maji ya kunawia. Lakini pale barazani kila aliyepumua alitoa mvuke mdomoni, na yeye aliposema, hewa mbele ya midomo yake ilikaa vilevile.

"Nimechelewa," akasema. "Safari ilikuwa ndefu." Akainama, akagusa furushi, likagumia. Uso wake ukalainika. "Amekua. Mmemlea vizuri."

"Mchukue," Rukia akasema. "Mchukue, bibi, nenda naye salama."

"Nitamchukua. Na ongezeko lake?"

Rukia akaivuta kanga yake akalifunika tumbo.

"Nimesikia njiani," mwanamke akaendelea, bila ukali, kama anayeulizia bei ya mahindi. "Kuna mtu aliacha ng'ombe wawili akapewa wanne. Nikasema, hiyo ndiyo nyumba niliyoacha mali yangu." Akalitazama tumbo la Rukia. Aliliangalia vizuri, ameinamisha kichwa upande. "Huyu yuko karibu."

"Umeshachukua!" Rukia akapiga kelele. "Umeshachukua wa kwanza! Shabani wangu, siku arobaini! Na wawili hata sura zao sikuziona! Unataka nini tena kwangu?"

Mwanamke akamtazama kwa mshangao. "Mimi? Mimi nimefika leo. Sijachukua mtoto wa mtu." Akatikisa kichwa pole pole. "Hao walikufa tu, mama. Pole sana."

Rukia aliona dunia inamzunguka. Miaka tisa alikuwa akitafuta wa kumlaumu, na sasa aliyempata anampa pole, na pole yenyewe ni ya kweli. Akakaa chini sakafuni, amelikumbatia tumbo lake.

Mwanamke akanyoosha mkono.

"Ngoja," Othmani akasema.

Akainuka. Akavua koti la jeshi, akamfunika nalo binti yake mabegani. Chini alikuwa na kanzu tu, na ndani ya ile kanzu alionekana mifupa mitupu. "Kazi yetu ina utaratibu," akasema. "Anayetoka ni aliyetangulia kuzaliwa. Tangu siku ya kupokea, si tangu siku ya kupakatwa. Ni hivyo au si hivyo?"

"Ni hivyo."

"Baba yangu alikuwa na wake watatu na miaka kumi na minne ya ndoa, nyumba haijasikia kilio cha mtoto. Uliacha furushi lako mwezi wa Rajabu. Mwaka uliofuata, Rajabu hiyohiyo, nilizaliwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipolijua hilo. Nimekusubiri tangu siku hiyo. Kila hodi nilidhani ni wewe."

"Baba!" Rukia akasema. "Baba, hapana!"

Mwanamke akamkaribia mzee. Akamzunguka. Akamshika mkono, akauinua, akauachia, akamtazama meno kama mtu anavyomtazama ng'ombe mnadani. "Amechakaa," akasema.

"Utaratibu hausemi awe mpya."

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke akacheka, na kicheko chake kilikuwa kilekile kilichotoka kwenye moshi. "Kweli. Hausemi." Akageuka kwa Rukia. "Mtunzaji anasemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana mali haitoki mpaka mtunzaji aseme, na mtunzaji, tangu mali zihamie Mbeya na baba yake amkabidhi funguo, alikuwa Rukia. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa anamtikisia kichwa, taratibu, ndiyo, sema, mwanangu, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Rukia hajawahi kukiona, pumziko la mtu aliyetua mzigo. Mtoto akapiga teke tumboni. Rukia akalia, na huku analia akasema, kila neno linamtoka kama jiwe:

"Ulichoacha ni hiki. Na huyu... na huyu ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Waliofuata ni jasho la mtunzaji. Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema mwanamke.

Othmani alilibeba furushi yeye mwenyewe, akaliweka begani kama anavyobebwa mjukuu. Alishuka ngazi bila fimbo. Rukia alimsikia akisema, "Nyamaza, nyamaza, tunaenda," na ukungu ukawafunga, na baada ya muda yule mhunzi akaanza tena kugonga.

Matano na wanaume wa mtaa walimtafuta wiki mbili, mpaka mabonde ya nyuma ya mlima. Hawakuona hata kofia. Rukia aliwaambia baba kasafiri, wakamhurumia kwamba uchungu umemchanganya. Mwezi wa tisa akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, wakamwita Mwantumu. Alipolia mara ya kwanza Rukia alimtazama muda mrefu kabla ya kumpa ziwa. Kisha akampa, akalala, na alilala siku mbili.

Akaamua kufunga kazi. Alimwita kila mwenye mali, aliye hai au mrithi wake, akarudisha ng'ombe, akarudisha nyumba, akarudisha milango ya mninga, na kila mmoja na ongezeko lake. Stoo ikabaki tupu, imepigwa chokaa. Kibao Matano alikishusha akakipasua kuni. Siku ya arobaini ya Mwantumu ilipopita, na mtoto hakufa, Rukia alisujudu mpaka paji la uso likauma.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya mwezi wa kumi, jua jeupe, hakuna hata wingu. Rukia alifagia baraza mapema, akaingia ndani kumchukua mtoto, akatoka naye kumwotesha jua. Barazani walikuwa wamesimama watu. Wanaume kwa wanawake, wametulia, foleni imeteremka ngazi ikaenda mpaka kwenye kona ya duka. Kila mmoja amepakata furushi lake. Vumbi alilolifagia sasa hivi lilikuwa na mistari mitupu ya fagio, bila alama ya mguu.

Wa kwanza wao, mzee mwenye kilemba, akasogea mbele kwa adabu.

"Tumekuja kuweka amana," akasema. "Bibi mmoja amewasifu sana kwetu."

Rukia alimbana mtoto kifuani. "Tumefunga," akasema. "Hatupokei tena. Nendeni. Mimi nimekataa, mnasikia? Nimekataa!"

Mzee hakukasirika. Alimtazama yeye, akamtazama Mwantumu, ambaye alikuwa amegeuza kichwa na anawaangalia wote kwa macho makubwa, anatabasamu.

"Sawa, mama," akasema kwa upole. "Wewe umechoka. Tutamngoja huyu."

Na wote kwa pamoja wakakaa chini.